Wale Wekundu Kwenye Kunde Zako

Mama,

Naogopa. Ningekuwa nakwambia haya pale jikoni ungecheka, ungesema mwanamke mzima anaogopa mdudu asiyefikia hata harage kwa ukubwa. Cheka tu. Kila asubuhi nikifungua mlango wa nyuma hapa kwako Makoko, nasimama kwanza kizingitini kabla sijashuka bustanini.

Tulipomaliza matanga, Mama Mdogo alirudi Butiama, na kabla hajaondoka akanishikisha kile kibuyu chako cha mbegu za kunde. Desturi ya ukoo wetu unaijua: mbegu ya marehemu haigawanywi mpaka binti yake mkubwa aipande yeye kwanza, avune, ndipo kila nyumba ipate. Wewe uliifanya alipokufa Bibi. Basi nikahama Kitaji na wanangu, nikaja hapa kwako, na mvua zilipokolea nikapanda. Zote, Mama. Jirani aliniambia nibakize hata kiganja kimoja cha akiba, nikamwambia kwetu haibakizwi. Sasa ndiyo naiona akili yake. Hizi zikifa, za Bibi zimekufa, zako zimekufa, hakuna pa kwenda kuomba.

Zikaota vizuri, weee! Hata wapita njia walikuwa wanasimama kuzitazama. Halafu wakaja vidukari, wale weusi wanaojibana kwenye shingo ya mche mpaka unadhani umepakwa masizi. Majani yakajikunja. Na kama kawaida, nyuma yao wakaja wale wekundu wa mviringo, wenye madoa meusi mgongoni.

Ulikuwaga na neno lako juu yao. "Huyu ndiye mama yao," ulisemaga, "ukimwona huyu, watoto wako hapo chini." Kisha unamfinya, unafuta yale maji yake ya njano kwenye kanga, unaendelea kuwasema wanakwaya wenzako wasiokuja mazoezi. Nami nikafinya pamoja nawe tangu utoto. Kila walipokuwepo wekundu, vidukari walikuwepo. Nani angebisha?

Safari hii nikafinya asubuhi, nikafinya jioni, na vidukari wakazidi. Kaka Magesa akaja na pampu mgongoni, tupige dawa tumalize kazi. Nikamzuia, maana wanangu wanachuma majani yale yale kwa mboga. Akasonya. Akasema atarudi Jumamosi, na nikimzuia tena nitaujibu ukoo mwenyewe.

Nikaenda mjini kumwona bwana shamba, na yule akaniambia kitu ambacho natamani asingeniambia. Eti wale wekundu wanaong'aa ndio wanaowala vidukari. Eti na vile vijidudu vyeusi vyenye mabaka ya rangi ya chungwa, vinavyotambaa kama kijimamba, ni watoto wao, na vinakula kuliko wazazi. Tumemkuta paka penye panya, Mama, tukasema paka ndiye anayezaa panya.

Ila akasema wapo ndugu zao wa rangi ya kutu, wasiong'aa, wenye vinyweleo mgongoni. Hao wanakula majani kweli, hasa ya maboga. Nikakumbuka mwaka ule maboga yako yalipobaki nyavu tupu. Kumbe hapo uliona sawasawa. Uliona wabaya kwenye maboga, ukawahukumu na wa kwenye kunde.

Nilirudi nikachuchumaa kwenye tuta, nikamtazama mwekundu mmoja. Akamkamata kidukari, akamla, akamfuata mwingine. Nimeona kwa macho yangu haya. Lakini mmoja kula wawili si kitu, na kwenye miche vidukari walikuwa wamejaa hawahesabiki. Je, kama bwana shamba kakosea? Kama wewe ndiye uliyekuwa sahihi, nami nimekaa kuwatazama wakimaliza mbegu ya ukoo mzima? Nilitaka kukuuliza. Nikajikuta nimegeuka kuelekea jikoni kukuita, Mama. Nikalia pale pale kwenye matope.

Jumamosi Magesa akaja kweli. Nikasimama mbele ya matuta nikamwambia leo hupigi. "Mama angekuwepo ungethubutu?" akaniuliza. Nikamwambia nisingethubutu. Akabeba pampu yake akaondoka bila hata kunywa chai.

Leo shingo za miche zimeanza kurudi kijani. Si zote. Tuta la karibu na uzio limekufa lote, na yaliyobaki yana maua machache ambayo kila upepo wa ziwani ukivuma najua yatadondoka. Kwenye maboga nimewaona wale wa rangi ya kutu, hao nawafinya. Lakini kila mmoja namgeuza kwanza juani nione kama anang'aa, maana sijiamini.

Unajua kinachoniogopesha kuliko Magesa na ukoo wote? Kwamba ulikosea. Miaka yote ile, ndani ya bustani yako mwenyewe, na mimi nilidhani hakuna usilolijua. Kumbe ulikuwa unabahatisha kama mimi, ila hukutuonyesha. Na sasa wanangu wananitazama mimi vile nilivyokuwa nakutazama.

Pumzika, Mama. Mungu akijalia zikakomaa, kila nyumba itapata kunde zako, Butiama nitazipeleka mwenyewe. Na kila nitakayempa nitamwambia asimfinye yule anayeng'aa. Akiniuliza nimejulia wapi, bwana shamba sitamtaja; nitasema nimefundishwa na mama yangu.

Mwanao,
Nyangeta