Kaka, Ng'ombe wa Mama Hakuwa Mgonjwa

Mpendwa kaka,

Shikamoo yako utaipata nikipoa. Nimekupigia simu mpaka nimechoka, hupokei, basi soma hapa pamoja na watu wengine.

Unakumbuka pumu yako ya utotoni? Hospitalini Moshi nesi alikuvisha barakoa ya dawa, ukarusha mateke, ukahema kuliko ulivyokuja. Mama akamwomba nesi asubiri. Akajivisha mwenyewe kwanza, akakukodolea macho mpaka ukacheka, ndipo akakupa uishike kwa mkono wako. Ukatulia. Mimi nilikuwa nimeshika kanga yake, niliona yote.

Ulipokuwa mtaalamu wa mifugo ulinieleza sababu, tumekaa jikoni tunamenya ndizi za mtori. Ulisema barakoa ya kupimia pumzi hubakiza hewa iliyokwisha kutoka, mnyama akaivuta tena, na bomba lake humwongezea kazi. "Usipomzoesha kwanza, unapima barakoa, humpimi mnyama." Maneno yako hayo, kaka, si yangu!

Sasa niambie ulikuwa na haraka gani siku ile nyumbani kwa mama, Machame. Maua, ng'ombe wa mama, alizaliwa bandani na akaishi bandani. Majani na migomba vilimfuata humo humo. Ukamtoa uani juani, mbele ya wageni wako wa mradi wa kupima mifugo, ukambana pua na mdomo kwa barakoa ya mpira ya mashine yako. Ubavu ukaanza kwenda mbio. Mama akasema, "Baba, mvue hicho kitu kwanza, apumzike." Ukamjibu, "Mama, mashine haidanganyi. Mapafu yamekwisha haya, muuze kabla hajafa."

Mama alikuamini kwa sababu wewe ni mwanawe na umesoma. Mimi ndiye niliyempeleka Maua machinjioni. Mkaguzi wa nyama alipasua mapafu, akayageuza, akaniuliza, "Dada, nani kawaambia huyu mgonjwa? Mapafu safi kabisa." Nilishindwa kukutaja. Nililia pale pale, mbele ya wachinjaji.

Wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Wa kwetu alizaa na kukamuliwa vizuri tu, mpaka mtoto wa nyumbani alipokuja kumpima! Sasa banda liko tupu, migomba haina samadi, na mama anakunywa chai ya rangi. Bado anakutetea: "Hakukusudia." Hukukusudia, sawa, lakini ulijua, na hilo ndilo linalonichoma.

Nasikia mnahamia Masama na barakoa ile ile. Kuna mama mmoja wa huko tunayeonana naye sokoni, ana ng'ombe mmoja tu. Jana aliniuliza, "Huyo kaka yako, nimwachie ng'ombe wangu?" Tangu utoto sijawahi kukusema vibaya kwa mtu yeyote.

Nilimwambia akufungie mlango.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja