Nilimwombea Hedimani Msichana Wangu

Majengo, Thika. Jumapili, mwezi wa saba, 1955. Baridi na manyunyu, jua limekataa kazi.

Ndiyo, Mama Asha, ni kweli. Ni mimi nilimwombea yule mwanaume msichana wangu mwenyewe, na nilimwombea vizuri, mpaka watu wakashika mbavu.

Hivyo ndivyo ningemjibu leo asubuhi kama ningekuwa na mdomo. Mama Asha ndiye mwenye nyumba hapa, anauza maandazi mlangoni, na habari za Ruiru zinamfikia kabla chai yake haijachemka. Aliniuliza mbele ya watu. Mimi nikacheka, nikachukua andazi, nikasema limefura kama shavu la bwana shamba ameumwa na nyuki. Akacheka, akasahau ameuliza nini. Mtu akicheka anasahau haraka. Hiyo ndiyo biashara yangu.

Lakini wewe shajara huna meno ya kucheka. Wewe nitakuambia.

Kazi yangu ni koroboi. Naokota mikebe imebonyea, ile inatupwa nyuma ya kiwanda cha mananasi, naikata, nalehemu, natia utambi, nafunga nyuma ya baiskeli na kushuka nayo Ruiru kuwauzia watu wa mashamba ya kahawa na wale wamewekwa kwa kijiji kipya. Darasa nilifika la tatu. Mwalimu alisema nikinyamaza nitafika mbali, nikaona bei yake ni kali.

Wangari nilimjua kwa sababu ya koroboi mbovu. Aliirudisha mbele ya wateja akasema inatoa moshi mingi kama maneno yangu. Nikampa nyingine. Akairudisha pia. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini bado alikuja, na hapo nikajua si mambo ya moshi tena.

Baba yake alichukuliwa na serikali, yuko kizuizini mpaka leo. Yeye na mama yake waling'olewa kwa shamba yao wakaletwa kwa hicho kijiji. Ina nyumba zimebanana, ina geti moja, na imezungukwa na handaki yenye miti iliyochongwa kama sindano. Handaki wanachimba wanawake, kila asubuhi filimbi ikilia. Mama yake ana kifua kibaya. Anachimba na kukohoa, anachimba na kukohoa, unamsikia kabla hujamwona.

Nani achimbe na nani apumzike, anayesema ni hedimani, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali.

Hedimani ni mtu mfupi, koti ndefu, nyumba ya mabati, bibi mmoja tayari. Mwezi uliopita akasema anataka wa pili, na akasema anataka Wangari.

Watu wa mjini mnafikiria mapenzi ni watu wawili. Njoo Ruiru uone. Mapenzi ya siku hizi inaingia kwa geti, na geti iko na askari, na askari anataka kujua unaenda kwa nani na utatoka saa ngapi. Mimi nilikuwa namwona Wangari nikiwa na koroboi mkononi, watu wakituzunguka, nikijifanya nabishania bei. Mwaka mzima tumependana tukibishania bei.

Sasa sikia mpango wetu, ulikuwa wa Wangari mwenyewe. Kwetu, siku ya kumwomba msichana, kunaletwa pembe imejaa muratina, pombe yetu ya asali. Wazee hawagusi. Anaitwa msichana, anaulizwa mbele ya watu wote tunywe ama tusinywe. Akionja, ameolewa. Akikataa, watu wanaokota fimbo zao wanaenda nyumbani, na hakuna mtu anaweza kumlazimisha, kwa sababu pombe ya kulazimisha ni laana kwa nyumba inayoinywa. Hata hedimani anaogopa hiyo. Kwa hivyo Wangari alisema atakataa. Basi. Neno moja.

Mimi kilichonitia baridi ni uso wa hedimani baada ya hilo neno. Ataaibika mbele ya kijiji, na mtu wa bunduki akiaibika, kuna mtu atalipa.

Ndipo hedimani mwenyewe akaniita. Nilifikiri ni mambo ya kipande changu, ile karatasi ya kupita getini, nikaingia kofia mkononi. Kumbe alitaka msemaji. Siku ya kuomba msichana lazima upande wa mwanaume uwe na mtu wa kusema kwa mafumbo, na wazee wote wenye midomo hapo kijijini walichukuliwa. Wamebaki wazee wa kukohoa tu. Akasema amesikia nikiuza koroboi, kwamba nikiongea hata aliyefiwa anatabasamu.

Nilifurahi kama mjinga. Niliona Mungu ameniwekea kiti katikati ya hiyo nyumba. Wangari akikataa tu, mimi hapo hapo natupa mzaha, watu wanacheka, na hedimani anacheka pia kwa sababu watu wanamwangalia. Aibu inapita. Mzaha niliutengeneza siku nyingi. Niliusema peke yangu kwa baiskeli mpaka ukawa laini kama utambi.

Nilipomwambia Wangari, hakufurahi. Aliniangalia, akaniuliza kama najua msemaji ni nani. Nikamwambia mimi nisijue kuongea nani ajue. Akasema basi nije.

Mimi nimelelewa Thika, kati ya viwanda. Mila naijua vile kuku anajua ndege ya mzungu, naisikia tu ikipita juu.

Jana ndiyo siku yenyewe. Pombe imekatazwa kijijini, lakini aliyeikataza ndiye aliipikisha, kwa hivyo ilikuwa nyingi. Tukaingia kwa kina Wangari na mbuzi zetu. Mimi mbele na koti ya kuazima, mikono ya koti inafika vidoleni. Nikaanza. Nikasema sisi ni watu wa gizani, tulikuwa tunapita njia yetu tukaona koroboi moja inawaka kwa hii nyumba, haina moshi, na sisi kwetu usiku tunagongana vichwa, baba anasalimia ng'ombe akifikiria ni shemeji. Watu wakacheka. Wanawake wa handaki, matope imekauka kwa nguo zao, walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata askari wa geti alicheka. Sijawahi kuongea vizuri hivyo, na sidhani nitaongea hivyo tena.

Mama yake Wangari alikuwa amekaa kwa kiti. Kiti yenye mgongo, ya hedimani. Miguu yake ilikuwa imeoshwa, imepakwa mafuta, inang'aa. Nikashangaa kidogo, kwa sababu hiyo miguu sijawahi kuiona bila matope. Wiki hiyo yote hakuitwa kwa handaki. Na tangu tuingie hakuwa amekohoa.

Niliona haya yote, shajara. Niliona na macho yangu, na nikaendelea kuchekesha watu.

Baba mdogo wa Wangari ndiye alisimama mahali pa baba yake. Akamwita. Wangari akatoka ndani na kitambaa cheupe kichwani, akapewa pembe, akaishika na mikono miwili.

"Wangari wetu, hii pombe tunywe ama tuimwage?"

Mimi nikavuta pumzi, mzaha uko tayari kwa ulimi.

Hakuniangalia. Macho yake yalinipita, yakaenda chini, yakakaa kwa miguu ya mama yake. Kuku alipita katikati yetu na hakuna mtu alimfukuza.

"Nyweni," akasema.

Akaonja. Povu ikabaki kwa mdomo wa juu na hakuipangusa.

Wanawake wakapiga vigelegele, lakini vile vya kuagizwa. Mimi nilibaki na mdomo wazi na mzaha ndani. Lakini msemaji lazima ashukuru, kwa hivyo nikashukuru. Sijui nilisema nini. Walicheka tena.

Halafu baba mdogo akanipa mimi ile pembe. Nikafikiri ni heshima tu. Akanieleza polepole, vile unaeleza mtu wa mjini: msemaji ndiye nguzo ya hiyo ndoa. Wakikosana, mimi naitwa. Na bibi akitoroka, akimbie kwao ama akimbie wapi, hakuna mwingine wa kutumwa. Mimi ndiye nitaenda kumrudisha, kwa sababu mimi ndiye nilimwomba.

Hapo ndipo nilielewa Wangari aliniuliza nini.

Nikatafuta macho ya hedimani, na yeye alikuwa tayari ananiangalia. Akainama karibu na sikio langu kama rafiki.

"Nilikuwa najua ni wewe unamchekesha, Kariuki. Mtu wa kumrudisha anafaa kuwa mtu anajua njia zake."

Akanigonga mgongo. Watu wote walikuwa wanangoja, pembe iko mkononi mwangu. Nikanywa. Ilikuwa tamu sana, hiyo ndiyo inaniuma. Ningependa ingekuwa chungu.

Nikifunga tenga langu tupu la koroboi kwa baiskeli, Wangari alipita na maji. Hakusimama. Alisema tu, kama mtu anajiambia, "Maitũ leo alilala mpaka jua likatoka."

Hiyo ndiyo sababu yote alinipa. Mama kulala mpaka jua litoke, utajibu nini hapo?

Nimejaribu kumchukia kutoka Ruiru mpaka Thika. Nilipofika karibu na mkonge wa Juja baiskeli ikapata pancha, nikaona afadhali nichukie baiskeli. Nikamchukia hedimani pia, lakini huyo kumchukia ni kama kuchukia mvua, unalowa tu. Mwisho nikabaki na mimi mwenyewe, na koti ya watu.

Alikuwa ameshaamua siku ile nilimwambia nitakuwa msemaji? Ama aliamua akiwa ameshika pembe? Nimekaa na hilo swali tangu asubuhi. Nimelehemu koroboi moja tu, na hiyo moja nimesahau kuacha tundu la utambi. Mkebe mzima, umefungwa pande zote, hauna kazi yoyote duniani. Nimeuweka dirishani.

Kesho nitaenda soko. Nitapiga kelele, watu watakuja, watacheka. Kesho kutwa nitashuka Ruiru kama kawaida, maana mtu asipoonekana wataanza kuuliza, na Wangari hatakuja mwenyewe, atatuma mtu mwingine kununua utambi.

Kwa hivyo wewe, sijui ni nani, ambaye siku moja utasoma hii karatasi, njoo tufanye mapatano. Mimi ni mtu wa biashara, sitaki kitu ya bure.

Kukitokea siku mwanamke mrefu, ana kitambaa, anatembea haraka bila mzigo, apite kwako na aombe maji, mpe maji, mfiche. Usimuulize anatoka wapi. Mimi nitafika nyuma yake. Nitakuja na wazee, koti ya kuazima, fimbo mkononi, na nitaongea maneno matamu sana, najijua. Utacheka mpaka ukae chini. Cheka tu. Lakini nikiuliza kama umemwona, sema hujamwona. Niangalie kwa macho na useme.

Na mimi nitakuletea koroboi maisha yako yote, zile hazina moshi. Nitakupa na ule mzaha juu, haujatumika, bado ni mpya kabisa.

Nidanganye vizuri tu. Nitawageukia wazee niwaambie umesema kweli.