Sambaza Hawangoji Amina

Jumapili, jioni. Ziwa limetulia na vidole vyangu bado vinanuka sambaza, wale samaki wadogo wanaolisha nusu ya mtaa wetu. Mimi ni mwandishi wa habari, na nimeripoti ibada nyingi. Ya leo naiandika hapa, kwenye daftari langu, si kazini.

Wiki hii uvuvi umefunguliwa tena. Wavuvi wa kanisani kwetu walikuwa wameahidi kwamba samaki wa usiku wa kwanza watakuwa shukrani kwa Mungu, na kanisa litampa Furaha. Furaha huuza sambaza wakavu. Ziwa lilipofungwa ili samaki wazaane, yeye na watoto walikula mtaji wote. Mabeseni ya samaki hao, yaliyokuwa leo mbele ya madhabahu, ndiyo yangemrudisha sokoni.

Pasta wetu mpya ametoka Mudende, kwenye mashamba ya viazi, mbali na ziwa. Alihubiri juu ya shukrani, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Jua likapenya ukungu, likaingia dirishani, likatua kwenye mabeseni. Samaki wakang'aa. Kwa muda nikaona kama ziwa lenyewe limepanda kilima kuja kusali.

Kisha nikasikia harufu.

Sambaza wasipoanikwa asubuhi, mchana ni wa kutupa. Wavuvi walijua, wakatazama viatu vyao: sadaka ukishaitoa, huisemei tena. Na Furaha, aliyeketi kando yangu, angeharakishaje zawadi anayopewa? Wangesema hana shukrani. Alikunja pindo la kitenge, akalikunjua, akalikunja tena.

Akasimama.

"Pasta, unisamehe. Mi nashukuru sana. Lakini samaki iko inaharibika."

Nyuma yetu mama mmoja akanong'ona kwamba huyu sasa anampangia Mungu ratiba. Pasta akayatazama mabeseni, akavua koti.

"Bon. Kwetu Mudende, viazi inasikilizaka mahubiri mupaka mwisho," alisema. "Twende inje, mama. Utuonyeshe."

Tukatoka sote. Tukatandaza nyavu juu ya majani nyuma ya kanisa, tukamwaga samaki, kwaya ikiimba huku imeinama. Kilima kikawa cha fedha. Mahubiri hayakumalizika, wala hakuna aliyeyaulizia.

Nilipoondoka, Furaha alikuwa bado anawageuza samaki kwa viganja, polepole, kama anayemfunika mtoto. Hakusema asante tena.

Najiuliza: mimi nimepewa nini ambacho bado kiko ndani ya beseni, sijakianika?