Nesi wa Kitanda cha Tisa

Jumatatu, 3 Juni 1996
Matron Joan amerudi kutoka kozi Nairobi na mambo mapya. Kuanzia leo mimi si sista in-charge tena – ni meneja wa wodi! Mshahara ni uleule. Zamani nesi mmoja alipima joto wodi nzima, mwingine akafunga vidonda vyote, nami nikapita nyuma yao nikirekebisha. Sasa kila nesi ana wagonjwa wake, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nipange, nifundishe, nisimamie. Nisishike bandeji. Hilo Matron alilirudia akiniangalia mimi. Ananijua.

Kitanda cha tisa nimempa Aluoch. Ni Kogo mmoja, yaani bibi mzee, wa Silibwet, kidonda cha sukari mguuni. Aluoch ana mkono mpole kuliko manesi wangu wote.

Jumanne, 4 Juni
Kogo amevuta mguu ndani ya blanketi. Hataki kushikwa na Mjaluo. Alisema kwa Kikipsigis, lugha yetu, akidhani Aluoch hasikii. Aluoch kazaliwa kwenye kambi ya chai kule Mogogosiek, katikati ya Wakipsigis. Anasikia kila neno.

Aluoch alipoenda kula, nilikifunga kidonda mwenyewe. Haraka haraka, yakaisha.

Jumatano, 5 Juni
Hayakuisha. Aluoch alikuta bandeji mpya. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, basi yeye afanye kazi gani hapa. Mvua tena, na chai ya saa nne haikuwa na maziwa.

Ijumaa, 7 Juni
Kimeli, mwanawe Kogo, alikuja ofisini. Tunaimba naye kwaya kanisani. Heshima nyingi.

“Sista, wewe ni mtu ya nyumbani. Juzi si ulifunga mwenyewe? Endelea tu hivyo. Ama nipeleke mama nyumbani.”

Kumbe mimi ndiye niliyewafundisha kuchagua.

Nyumbani mguu huo utaoza, na Kogo ataenda nao. Naogopa sana. Lakini nikikubali, kesho kitanda cha kumi nacho kitachagua, na Aluoch atabaki kubeba bedpan za choo. Nikamwambia Kimeli nesi wa mama ni Aluoch. Akauliza kama hiyo ni amri ya Matron. Nikasema hapana, ni yangu. Akaenda kutafuta pickup ya kumpeleka mama nyumbani.

Naandika hapa mezani, mlango wazi. Kogo ameketi ukingoni mwa kitanda, leso begani, mguu mbaya kaufunika kwa shuka. Aluoch amefika na troli, anamsalimu kwa Kikipsigis. “Chamgei, Kogo.” Amepiga magoti sakafuni, anangoja. Wodi nzima inamwangalia, halafu inaniangalia mimi. Pickup inasikika ikiingia getini.

Mimi nimekaa. Nimesema sitainuka. Karatasi inalowa – mikono yangu ina maji! Nimeshanawa mpaka viwiko, kama anayekwenda kufunga kidonda, na sikumbuki kwenda kwenye sinki.