Kisahani cha Saba

Jumatatu, 6 Juni 1988
Uji nusu kikombe. Vidonge vitatu. Kisha kiti cha dirishani. Baridi ya kiangazi cha kwetu, na moshi wa kiwanda cha shaba umelala juu ya mabati kama mtu asiyetaka kuamka. Miguu imevimba kuliko jana.

Nimeficha jambo kwa miaka minne. Kabedi, msaidizi wangu wa maabara, alifukuzwa chuo kikuu kwa udanganyifu. Hakudanganya. Ninajua kwa nini kisahani cha saba kiliishi, na sijamwambia mtu. Daktari ananipa wiki. Hasemi ngapi.

Jumatano, 8 Juni
Nimesinzia mchana, nikaziona chembe. Zilielea mbele yangu kama unga uliomwagwa juu ya maji tulivu. Zinazunguka polepole. Hazina macho, lakini zilinitazama.

Niieleze kazi ile sasa, nisije nikaipamba baadaye. Chembe nyeupe za damu ni walinzi wa mwili. Tulitaka kuzipa jeni isiyo yao, ya bakteria, iliyoletwa kutoka Ubelgiji katika kichupa kidogo kuliko kidole. Fundi umeme wa mgodini alitutengenezea kisanduku cha mshtuko. Umeme unapita, ngozi ya chembe inafunguka, jeni inaingia, ngozi inajifunga. Baada ya siku chache tunatia sumu. Chembe iliyoipokea jeni inaishi, kwa sababu jeni ile inaishinda sumu. Isiyoipokea inakufa.

Visahani saba, damu ya watu saba. Sita vilikufa. Cha saba kiliishi.

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Ijumaa, 10 Juni
Tulirudia kazi mara tatu. Haikutokea tena. Wakubwa wa kitivo wakaketi, wakauliza nani hutia sumu kila mara. Kabedi. Daftari la kazi nalo lilikuwa na jina lake, kama kawaida. Wakaamua kwamba alibadilisha visahani ili kutufurahisha. Nilikuwa mezani, nimevaa abakosi yangu mpya, suti ya wakubwa. Alinitazama mara moja tu. Nilitazama vifungo vyangu.

Leo Zaina, binti yangu, amerudi na habari. Hospitali moja ya Kipushi ilitaka kumwajiri Kabedi maabara. Waliandika chuoni kuulizia. Faili likajibu. Sasa anauza unga wa muhogo sokoni.

Bukari yangu, ugali wa kwetu, imepoa sahanini. Sikuweza kula. Nimemtuma dereva wa basi la Kipushi amwite. Barua yenye sahihi yangu itamrudishia kazi. Itaniondolea jina. Jina langu ndilo kitu pekee ambacho bado hakijavimba wala kukonda.

Jumapili, 12 Juni
Amekuja na mfuko wa unga kichwani. Amenenepa kidogo. Alisimama mlangoni akanikagua, akaniita mkubwa kama enzi za kazi.

"Shefu, umekonda hivi? Mbu ikikuuma itarudia kwao na njaa!"

Zaina alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi. Nikafungua mdomo kusema, nikauliza kama Kipushi nako kuna baridi.

"Iko baridi. Uliniita juu ya baridi?"

"Juu ya kukuona tu."

"Basi umeniona."

Alikaa saa nzima. Alinikata kucha, kidole kimoja kimoja, bila kuumiza. Mikono ileile iliyokuwa ikishika vioo vyembamba. Nilihesabu vidole vyangu ili nisilie. Akaondoka.

Mimi ni mwoga. Niliandike tena: mwoga.

Jumanne, 14 Juni
Pumzi zinakuja kwa zamu. Feza amekaa hapa asubuhi yote, kwenye ukingo wa kitanda, na kitambaa chake cha kijani. Ninajua kwamba mke wangu amekufa. Hata hivyo sikumwomba aondoke.

Damu ya saba ilikuwa yake. Alinyoosha mkono akitudhihaki, mimi na Kabedi. "Mukiweka kintu ya bakteria mu damu yangu, nitaanza kukohoa mu Kifaransa?" Kabedi alicheka, sindano ikatetemeka, akalazimika kuanza upya.

Wiki hiyohiyo homa ikampata Feza. Jumatano akafa. Damu yake ilikuwa bado hai, maabara, ndani ya kabati la joto. Sumu ilipangwa Ijumaa.

Kwetu moto wa kilio hauzimwi. Unawaka nje ya nyumba usiku na mchana, mpaka siku familia inapokaa na kufunga kilio. Anayeuzima kabla ya siku hiyo amemfukuza marehemu. Nimesoma Louvain, Ubelgiji, nimefundisha watu digrii za joto, na moto ule ningeulinda kwa mikono mitupu.

Ijumaa niliondoka kwenye mikeka, nikaenda maabara peke yangu. Nguo zilinuka moshi. Kabedi alikuwa nyumbani kwangu, akipika na wanawake wa kilio.

Siwezi kuendelea leo.

Alhamisi, 16 Juni
Nimeota niko mdogo kama chembe. Maji vuguvugu. Feza kila upande. Hakuna mlango wa kufunguka, na sikuutaka.

Nimeamka nikamwambia Zaina amwite Kabedi tena. Na alete karatasi.

Jumamosi, 18 Juni
Zaina ameandika, mimi nimetamka. Nakala mbili: moja ya chuo, moja ya hospitali. Sahihi imeenda mlima na bonde, lakini ni yangu.

Kabedi alisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi. Akasoma tena. Nje mtu alikuwa akifagia, taratibu, upande mmoja na mwingine.

"Nilipika kilio yako siku tatu, Shefu."

Alizikunja barua zote mbili, akazitia kifuani, akaenda kuwahi basi. Hakunipa mkono. Ni haki.

Jua limefika kitandani. Sina maumivu. Nanakili hapa mstari wa barua ile, ili na daftari hili liwe nao:

Sumu ya visahani sita niliitia mimi mwenyewe, siku ya tatu ya kilio. Kisahani cha mke wangu nilikipita. Hakikupata hata tone.