Mkufu wa Vifungo

Jumatatu, 14 Julai

Mjukuu wangu, Bonge, udenda unamtiririka kama bomba bovu. Kidevu kimeota vipele. Anatafuna kila kitu: ngumi yake, ukosi wa gauni langu, mpaka tasbihi yangu ameitia kinywani nikiwa bado juu ya mswala! Nimenawa mikono, nikampitishia kidole kwenye fizi. Ya chini imevimba, nyekundu, na ndani kuna kitu kigumu. Jino hilo! Alhamdulillah.

Nimekimbilia chumba cha mbele kuwapa habari. Binti yangu ameacha kushona, machozi yanamlenga. Wifi yake — mimi namwita Profesa — hata mguu hakuutoa kwenye cherehani. Eti miezi sita bado mapema, kasoma kwenye simu. Kasoma! Yule, simu yake ikizima, kichwa nacho kinazima.

Jumanne, 15 Julai

Bonge amelia asubuhi nzima. Nimechemsha kitambaa safi, nikakilowesha, nikakitia kwenye friji. Alipokipata — kimya. Anatafuna huku ananikodolea macho. Halafu amenyonya vizuri, akalala.

Profesa kachungulia. "Mama, ndiyo unamtafunisha matambara?"

Matambara! Na huyo ndiye anayeosha glasi kwa kuzionyesha maji tu.

Mkwe wangu alipokuja kula nilimwomba aseme neno na dadake. Eti, "Mpuuze tu, Mama." Mwanamume anaezeka mapaa ya ghorofa haogopi, lakini kwa dadake anaufyata.

Alhamisi, 17 Julai

Profesa kavumbua! Kachukua vifungo vya makoti, kavitunga kwenye uzi, kamvika mtoto shingoni. Dawa ya meno yake hiyo. Eti kwenye simu ni shanga, yeye kaboresha.

"Uzi huohuo," nikamwambia, "wewe unaukata kwa meno kila ukimaliza pindo."

"Sasa Mama, Bonge meno anayo?" Akacheka peke yake.

Nikauvua. Nikageuka kuanika nguo, umerudi shingoni! Nikauvua tena. Binti yangu akaanza kunibembeleza: Mama jamani, usinigombanishe na wifi, sare za shule zinatakiwa Jumatatu. Sare! Mwanangu ana akili, ila akiwa mbele ya yule mwanamke anaziweka kabatini.

Ya Rabbi, niondolee dharau moyoni. Lakini si leo.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika juu ya goti, kwenye benchi la hospitali. Nilibeba daftari badala ya kitabu cha dua, kwa haraka.

Nimerudi msikitini, nikamkuta Bonge mapajani kwa mamake. Mkufu shingoni. Na kwenye uzi fundo ambalo jana halikuwepo.

Profesa akawahi: "Ulilegea sasa hivi, nikaukaza tu."

"Ulitunga vifungo vingapi?"

"Nani anahesabu vifungo, Mama?"

Sakafu ya chumba kile ni vifungo vitupu, vya mashati, vya makoti, chini ya kila cherehani. Nani atajua kipi kimepungua?

Udenda ulikuwa unamwagika. Profesa akasema si ndiyo meno hayo, Mama ulituambia mwenyewe. Nikamwambia binti yangu mpe ziwa. Bonge akageuza uso. Akampa tena. Akalikamata, akakakamaa shingo, maziwa yakarudi yote. Mtoto wa meno ananung'unika, lakini ananyonya! Huyu anataka na hawezi kumeza. Hapo binti yangu akapiga kelele, sare zikaanguka chini.

Sasa yuko ndani na mwanawe, wanapiga picha ya kifua. Muuguzi alitoka kuuliza: mkufu ulikatika lini? Daktari lazima ajue. Profesa akajibu, muda mfupi tu, labda saa moja imepita. Muuguzi akaandika, akaenda.

Sasa hivi Profesa kanisogelea. Kaninong'oneza, pumzi inanuka woga.

"Mama, ulikatika asubuhi. Ulikuwa unaoga. Niliokota vifungo nikavitunga upya."

Asubuhi! Nimeondoka nyumbani naaga watu kwa furaha, mtoto ana kitu kooni!

"Usiwaambie, Mama. Kaka atanifukuza. Niombee tu dua."

Dua! Anataka Mwenyezi Mungu amtunzie siri. Nimemwambia ainuke, agonge ule mlango, aseme kwa kinywa chake. Anazungushia uzi kidole mpaka kimegeuka rangi. Nimemwambia basi nitasema mimi. Kanishika gauni. Mtu mzima, kanishika gauni kama anafundishwa kutembea.

Bonge hasikiki tena huko ndani.

Naiweka kalamu. Gauni likipasuka lipasuke, mafundi wako nyumba—