Mafiga Matatu Nyuma ya Nyumba ya Wageni

Mweiga, Nyeri

Kwako dada yangu Nafula,

Magoti yako yanasemaje? Nimeanza na magoti kwa sababu mdomo najua uko salama, nimeusikia kwa barua yako mpaka huku. Mimi niko hai. Mlima umejifunika mawingu wiki nzima kama mgonjwa na blanketi yake, na baridi yote imekuja kukaa kwa mgongo wangu.

Uliniambia nikirudi nije na mke wangu Nekesa, hata kama ni udongo wa kaburi yake ndani ya karatasi, azikwe kwa boma yetu. Dada, nimeshindwa, na ni mdomo wangu umenishinda.

Unakumbuka tulimzika hapa nyuma ya jikoni ya mzungu aliyeniandika kazi, mvua ilipobeba daraja na gari ya maiti ikakosa njia. Tulikuwa watu wanne. Hakuna aliyeimba. Sikuwa na msalaba, nikamwekea juu yale mafiga matatu aliyokuwa akipikia. Mzungu alipoenda kwao Ulaya, nyumba ikaanza kuoza, nikabaki mlinzi wa popo.

Sasa imenunuliwa na mama mmoja wa Nyeri mjini, tunamwita Madam. Ametengeneza paa, ameng'arisha mbao za sakafu mpaka nateleza kama ndama, na watu wa likizo wanatoka Nairobi kuja kulala mahali tulikuwa tunafungia ng'ombe, ati pana hewa nzuri. Kazi yangu ni kuwatembeza: pango la wapiganaji wa uhuru wa msituni, kanisa la zamani la mawe, basi. Siku moja mgeni akauliza, "Guka, haya mawe matatu ni ya nini?" Guka ni babu kwa lugha ya hapa. Sikutaka kumtaja bibi yangu mbele ya mtu ameshika kikombe. Nikasema hapo amelala mwanamke shujaa, alikuwa akipelekea wapiganaji chakula, akapigwa risasi akiwa na kibuyu cha uji mgongoni. Mgeni akalia. Mimi nikaenda kuchekea jikoni.

Madam akasikia. Nilipolazwa hospitali kwa sababu ya macho, akamwaga saruji juu ya kaburi, mafiga yakashikwa humo humo, akasimamisha na kibao. Nikarudi na bandeji, nikakuta Nekesa anapigwa picha.

Barua yako ilipofika nikamwendea. "Madam, huyo si shujaa. Ni bibi yangu. Hayo mawe ni ya jikoni, ukiyainua utaona masizi chini."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Guka! Si juzi uliniambia mzungu alizikwa na farasi wake?"

Kweli, nilimwambia.

"Vunja saruji uone," nikasema.

"Nivunje kaburi ya shujaa? Watu wa hapa watanivunja mimi."

Jumapili akina mama wa kanisa moja la Chaka wakaja, wakazunguka yale mafiga, wakaimba. Dada, waliimba. Nilivua kofia. Mmoja akaniuliza kama jina la marehemu linajulikana. Nikasema, "Nekesa." Akanishika bega polepole, kama mtu anaongea na mtoto: "Hapana, Guka. Huyo alikuwa wetu. Hilo ni jina la watu wa kwenu, umechanganya."

Nikarudisha kofia kichwani. 

Kwa hivyo msichimbe shimo huko nyumbani. Nimemwomba Madam siku yangu ikifika anizike hapo kando, niwe mlinzi wa shujaa. Hiyo ameamini mara moja. Ameshapima na mahali.

Nisalimie mke wa mdogo wetu, yule wa chapati ngumu, na wajukuu wako wote, hata yule aliyeniita mzee kobe. Shemeji Wafula atakasirika, ni haki yake, Nekesa ni dada yake. Akimaliza kunitukana, mwambie hatimaye Nekesa ameimbiwa, nyimbo nne, mpaka jua likatoka. Hiyo sikutunga.

Ndugu yako mwongo,
Wanjala